Treni za Kushoto

4 Machi

Bi Kwanini, mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na bado nafika bekari kabla mikate haijapoa. Mama yako nilikutana naye sokoni. Goti linamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote, alinishikilia pale mpaka nyanya zangu zikaanza kunyauka. Keshia wetu amechumbiwa, sasa anarudisha chenji huku anacheka peke yake. Ya huku ndiyo hayo.

Najua utasema, shangazi si una simu, mbona bado unanitumia bahasha kwa basi kama ulivyonitumia nilipokuwa bweni? Nikuambie. Kwenye simu mtu akiniuliza habari, hujibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Kwenye karatasi mdomo hauniwahi. Na safari hii nina malalamiko yanayotaka nafasi.

Huo mchezo wa reli mnaoutengeneza kazini kwenu mmeufanya nini?

Unajua mimi na baba yako hatukanyagiani mlango tangu siku ile aliposimama mbele ya tajiri wangu akasema dada yake amechoka, apumzishwe usukani wa gari la mikate. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni! Wewe ukaja na ujanja wako, ukatuwekea mchezo kwenye simu zetu, na sisi tukajifanya hatuuoni ujanja. Kila jioni yeye kwake, mimi kwangu: mimi napanga njia za treni, yeye anawasha taa, stesheni inakwenda. Hatuzungumzi. Ila kabla ya treni ya kwanza, huandika "Shikamoo dada" kwenye kile kisanduku cha chini pembeni, nami hujibu "Marahaba", kazi inaanza. Maneno yetu kwa siku ni hayo tu. Lakini kwa hayo nilijua ninaye.

Sasa tangu katikati ya Januari salamu haziji. Nangoja, kimya. Treni ya kwanza inaingia kama imeingia kwa mtu asiyejulikana. Tena kuna jambo la pili: treni zinazotoka kushoto hazionyeshi kama zinakuja. Zinatokea tu, ziko katikati ya stesheni, zimeshagongana. Za kulia hazina shida, naziona tangu mbali.

Kama ni mchezo, utengenezeni. Kama ni yeye ameamua kuniadhibu, niambie, nitameza. Lakini nijue, maana jioni zangu zimekuwa ndefu sana.

Kioo cha pembeni cha gari la mikate, cha kushoto, wahuni wa pale stendi ya mizigo wamekivunja. Nimekibandika kwa gundi.

Wako,
Shangazi


15 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bahasha yako ilifika inanukia mikate, nikaifungua kwenye ngazi kabla sijafika chumbani. Niko salama. Bado nakaa juu ya duka la tairi, na bado kila wanapojaza upepo nadhani kuna jambo limelipuka. Kazi ni nzuri. Baba anakusalimu.

Umenipa kazi ninayoifanya kutwa nzima, sema kwako nitaifanya kwa moyo. Chumba chetu kina meza nyingi na sote tunasoma malalamiko ya wachezaji. Wengi huandika "mchezo mbovu, tengenezeni" wakaishia hapo, kama mtu anayemwambia daktari "naumwa" halafu anaondoka. Msimamizi wangu hutupa ripoti za namna hiyo bila hata kumaliza mstari. Kwa hiyo naomba uniandikie yako vizuri, nimpelekee nikiwa kifua mbele.

Niambie kwanza ulichofanya, hatua kwa hatua, kama unamwelekeza mgeni asiyejua kushika simu. Kisha ulichotarajia. Kisha kilichotokea kweli, siyo unachodhani kimesababisha. Halafu swali kubwa kuliko yote: je, tatizo linajirudia? Msimamizi anasema jambo lisilojirudia ni hadithi tu. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine, jaribu ukiwa nyumbani na ukiwa kazini. Ukibadilisha kitu kimoja kimoja, tutajua tatizo linamfuata nani.

Usiandike hasira. Hasira siwezi kuipeleka kwa mafundi.

Wako,
Bi Kwanini


30 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika na za baba yako nimezipokea, ingawa najua umezitunga wewe. Yule hawezi kutuma salamu kwa mdomo wa mtu. Mama yako amepewa dawa ya kupaka. Keshia ameniomba nimwendeshe siku ya harusi, nimekubali, gari la mikate tutalipamba.

Nimekaa na peni kama mwanafunzi. Soma.

Nilichofanya: Nimekaa kitini, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari, wima. Nimefungua mchezo, nimeingia stesheni yetu. Nimeona jina la mdogo wangu kule juu upande wa kulia, maana yake yupo. Sikugusa kitu.

Nilichotarajia: Adabu. (Kama neno hilo ni hasira, lifute, andika "salamu".)

Kilichotokea: Hakuna salamu. Taa zikawashwa. Treni ya kwanza ya kulia ikaingia vizuri, nikaipangia njia. Ya kushoto ikatokea ghafla, ikamparamia mwenzake. Nikapoteza stesheni.

Je, linajirudia: Kila jioni. Nimejaribu kwa simu ya keshia, ni vilevile. Nimejaribu bekari, karibu na tanuri, na nyumbani. Nimevaa miwani, nimevua miwani. Nimezima simu nikaiwasha. Yeye keshia akicheza kwa simu yangu hiyohiyo, anapita na treni zake kama malkia. Anasema anaziona. Nadhani simu inampenda kwa kuwa ni kijana.

Umeona? Nimebadilisha kimoja kimoja kama ulivyoniambia. Sasa nipeleke kwa huyo msimamizi wako.

Bega langu la kushoto limechubuka. Walipopaka rangi mlango wa stoo, nadhani walivuta fremu ndani kidogo, maana kila nikipita na trei unanikwaruza. Si kitu.

Shangazi


16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Huku ni wazima. Duka la tairi wamefungua mpaka Jumapili.

Ripoti yako niliipeleka kama ulivyoiandika. Mafundi wameucheza mchezo kwa simu ya aina yako, kwa toleo lako, asubuhi na jioni. Treni za kushoto zinaonekana toka mbali kama za kulia. Msimamizi alinirudishia ripoti mbele ya wenzangu wote, akauliza kama sasa tunapokea malalamiko ya familia.

Nikafanya jambo lisiloruhusiwa. Nilifungua kumbukumbu za mtambo, nikaangalia stesheni yenu. Shangazi, salamu za baba zimo. Kila jioni, "Shikamoo dada". Imetumwa, imefika, imefunguka kwenye kioo cha simu yako. Siku nyingine ameiandika mara mbili, kama mtu anayebisha hodi tena kwa kuhisi hakusikika. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Nikampigia. Akasema, "Mtu asiyekuitikia shikamoo, mwanangu, ameshakuzika. Nikifika mwisho wa Mei nautoa huo mchezo."

Naomba usinikasirikie kwa ninachouliza. Huzioni, au hutaki kuziona? Kama bado una hasira naye, sema ni hasira, nitakuelewa, ulikuwa na haki. Lakini usiniachie hasira yenu niitafute ndani ya mtambo.

Wako


22 Mei

Bi Kwanini,

Hujambo. Huku hatujambo.

Nimekaa kimya kwa sababu umeniita mwongo kwa adabu. Barua yako niliiweka chini ya mkeka wa meza, nikawa nakula juu yake kila siku. Nilitaka kukujibu mambo mengi, bahati yako kazi zilinizidi. Lango la bekari limeacha rangi yake kwenye ubavu wa gari, ubavu wa kushoto, na tajiri ananitazama kwa jicho ambalo baba yako alimfundisha. Nimemwambia alitengeneze lango lake.

Lakini leo nimekusamehe. Leo nina furaha. Tatizo tumelikamata!

Sikiliza. Jana jioni nilikuwa nimesimama upande wangu wa kaunta, keshia upande wake. Simu yangu ilikuwa imelala katikati, mchezo uko wazi, imemwelekea yeye, kwa hiyo mimi naiona kichwa chini. Nikaona kisanduku. Kwangu kilikuwa juu, upande wa kulia. Ndani yake: "Shikamoo dada." Nikapiga kelele keshia akaangusha sarafu. Nikavuta kwa kidole, nikaziona nyingine, na nyingine, mpaka Januari. Mdogo wangu hakuacha hata jioni moja. Nililia, sikufichi.

Kisha nikakumbuka mafunzo yako, nikajifuta macho nikafanya kazi. Nikaigeuza simu kuwa wima: hazipo. Nikaipindua kichwa chini: zipo. Wima, hazipo. Kichwa chini, zipo. Na treni pia! Kichwa chini, zile za kushoto naziona tangu mbali, ila za kulia ndizo sasa zinazonivamia. Inajirudia kila mara. Mwambie msimamizi wako tatizo liko kwenye upande wa kushoto wa kioo, na simu ikipinduliwa linapona.

Usije ukaniambia ni macho. Mtu wa miwani alinipima mwaka jana, nikasoma mpaka herufi za chini kabisa ambazo yeye mwenyewe alikuwa anazikisia.

Baba yako sijamjibu bado. Nitamwambiaje, simu yangu nilikuwa nimeishika vibaya miezi yote hii? Atanicheka mpaka afe. Tengenezeni kwanza, ndipo nimwitikie kwa heshima yangu.

Shangazi yako mpelelezi


26 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeshindwa kuanza na habari za tairi. Nimesoma barua yako nimesimama, na sijakaa mpaka sasa.

Tafadhali usiendeshe gari.

Nilikupigia mara barua ilipofika. Ukasema, "Mimi mzima, niko barabarani," ukakata. Nikapiga tena, ukaizima. Kwa hiyo naandika, maana ulisema kwenye karatasi mdomo haukuwahi.

Nilikufundisha tubadilishe kimoja kimoja tujue tatizo linamfuata nani. Umebadilisha simu, likabaki. Umebadilisha mahali, likabaki. Keshia akishika simu yako, linaondoka. Ulipoipindua simu, kisanduku na zile treni zilihamia kulia, ukaziona. Zile zilizohamia kushoto kwako ndizo zikapotea. Shangazi, hakuna simu inayojua kushoto kwako ni wapi. Huo upande wa kushoto unaubeba wewe mwenyewe.

Kioo cha gari kilichovunjika ni cha kushoto. Bega ni la kushoto. Lango ni ubavu wa kushoto. Na barua hii ya mwisho umeianza katikati ya karatasi, nusu yote ya kushoto iko tupu kutoka juu mpaka chini. Uliiona nafasi hiyo ulipokuwa unaandika? Mimi niliiona nikadhani unanisusia.

Nilimuuliza muuguzi anayepanga chumba jirani na changu. Alisema mtu anaweza kusoma herufi ndogo vizuri kabisa, na bado upande mzima ukawa umezimika, tena asijue, kwa sababu haoni giza. Haoni kitu. Alisema inaweza kuwa kichwani na siyo machoni. Alisema nenda hospitali leo, siyo kesho.

Nilikushuku, na kwa kukushuku nilipoteza wiki nyingi nzima wakati wewe ulikuwa umenipa kila kitu kwenye ripoti. Hiyo nitakuomba radhi nikikuona. Sasa hivi ninachoomba ni funguo zikae mezani.

Naogopa sana.

Wako


1 Juni

Bi Kwanini,

Hii si lugha yako, ni lugha ya baba yako. "Usiendeshe." "Pumzika." Miaka miwili iliyopita alisema hayo mbele ya tajiri, sasa ameona hakufaulu, amepitia kwako.

Nimeendesha tangu hujazaliwa. Mimi ndiye niliyekuleta nyumbani kutoka hospitali ulipozaliwa, ukiwa umefungwa kitambaa cha njano, na sikupita kwenye shimo hata moja. Nikiacha usukani nitakuwa nani? Bibi wa kukaa barazani anaulizwa kama amekula?

Kesho naendesha. Ukimwambia baba yako neno lolote katika haya, usiniite tena shangazi.


4 Juni

Shikamoo.

Basi kuanzia leo sina shangazi, mradi wewe uwepo. Nimemwambia.

Nilimpigia mara nilipomaliza kusoma. Sikumficha kitu: treni, lango, simu iliyopinduliwa. Alisema, "Nikienda atasema nimefuata funguo." Nikamwambia hata akisema. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo shikamoo zangu hakuziona?" Nikamwambia hakuziona, baba. Sijui alijibu nini, nilisikia tu kama ameweka simu chini bila kuikata, na hatua zake zikienda.

Kama hujamwona mpaka barua hii ikufikie, fanya jaribio hili, nakuomba kama unavyomwomba mtu maji. Kaa garini, injini ikiwa imezimwa. Tazama mbele tu. Mwambie keshia atembee kimya kutoka nyuma ya gari, upande wa kushoto, mpaka mbele. Niandikie ulimwona alipofika wapi. Andika kilichotokea, siyo unachotaka kitokee.

Sijalala vizuri. Kazini nimekosea mambo ya kitoto.

Mimi


25 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Angalia, leo nimeanza pembeni kabisa. Hospitali wamenifundisha nichore mstari mwekundu kushoto mwa karatasi, nigeuze shingo mpaka niuone ndipo nianze kuandika. Shingo inaniuma kama nimebeba ndoo. Mama yako ananiletea chakula na kunihadithia goti lake, na nimeshindwa kumkimbia.

Sasa nikuambie, kwa utaratibu wako.

Barua yako ya jaribio ilifika, nikaitia kwenye mfuko wa aproni bila kuifungua, nimenuna. Asubuhi nikapakia mikate. Nikaingia garini, nikatazama kioo cha kulia, nikatazama kile cha kushoto nilichokibandika. Uwanja mweupe, hakuna mtu. Nikaweka gia, nikaachia klachi, nikakata usukani kushoto kuelekea langoni.

Kitu kikagonga bodi. Paa! Nikakanyaga breki, trei zote zikaja mbele. Nikatazama, hakuna mtu. Kikagonga tena. Ndipo nikageuza kichwa chote, na mwili, kama mtu anayetafuta kitu kiti cha nyuma.

Baba yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa kushoto. Kiganja chake kiko juu ya bati. Gurudumu lilikuwa limeshafika kwenye kiatu chake, limekanyaga kamba ya kiatu.

Nikamwuliza, "Umetokea wapi wewe?"

Akasema, "Niko hapa tangu unapakia, dada. Nimekuamkia mara tatu."

"Mara tatu wapi?"

"Ulipotoka na trei. Uliporudi. Na ulipofungua mlango wa gari. Umenipita karibu mpaka nguo zetu zimegusana."

Nikamtazama keshia. Yule binti akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mama. Nilidhani bado mmenuniana."

Ningemkanyaga. Naliandika neno hilo ili nilione kwenye karatasi. Ningemkanyaga mdogo wangu, nikadhani ni tuta, nikaenda zangu kupeleka mikate. Na njia yangu inapita mbele ya shule, Bi Kwanini. Tangu Januari napita pale. Shule iko kushoto. Usiku huu wote naiona hiyo shule, na siku hizo zote sikuiona.

Hakuomba funguo. Alinyoosha mkono anishike nishuke. Funguo nilizitia kwenye kiganja chake mwenyewe, na hakuna aliyeniambia. Akaniendesha hospitali, tukiwa na mikate yote nyuma. Anaendesha vibaya bado.

Kilikuwa kiharusi kidogo, kimepita kimyakimya, kimenizimia upande wa kushoto wa macho yote mawili. Daktari anasema huenda kipande kikarudi, huenda kisirudi. Shinikizo la damu lilikuwa juu kiasi kwamba kingine kilikuwa njiani, kikubwa, ndicho hicho wanachokizuia kwa vidonge. Nilimwonyesha ripoti yangu ya Machi, ile nakala niliyoibakiza. Akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema mtoto wa mdogo wangu, tena nimemkataza kuniita shangazi.

Gari amepewa kijana mwingine. Sitaki kuliongelea.


6 Julai

Shikamoo,

Naruhusiwa kuandika "Shangazi"? Nimeacha nafasi hapo juu, nitaijaza ukinijibu.

Barua yako imenifanya nikae kwenye ngazi mpaka fundi wa tairi akapanda kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimebakiziwa.

Nimepeleka ripoti mpya. Nimeandika kwamba mchezaji asiyeona upande mmoja hawezi kuhamisha kisanduku cha ujumbe wala kuomba treni zote zitoke upande anaouona. Msimamizi alisema hilo si tatizo la mchezo. Nikamwambia soma hadi mwisho. Alisoma. Safari hii hakuirudisha, na jana mafundi waliniita niwaeleze. Sijui kama mkataba wangu utaendelea. Kipindi changu cha majaribio kiliisha na Juni, na hakuna aliyeniita kwa lolote. Kwamba niko kwenye majaribio nilikuficha tangu Machi. Kila bahasha ya ofisini ikipita moyo unaniruka.

Jioni zako zikoje sasa? Niambie kweli. Usiniambie nzuri.


19 Julai

Bi Kwanini, mwanangu,

Jaza hiyo nafasi, na uandike kwa herufi kubwa.

Hujambo? Mkataba wakikunyima, bekari wanatafuta mtu wa kaunta, keshia anaolewa. Usicheke. Nimemwambia tajiri, amesema hana neno. Lakini hawatakunyima.

Umeniuliza jioni zangu. Nimekuandalia ripoti, na wewe ndiye utakayeipeleka.

Nilichofanya: Nimekaa kwenye kiti cha dirishani, ukuta uko kushoto kwangu, maana hapo hakuna wa kunitokea ghafla. Vidonge nimemeza. Simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari.

Nilichotarajia: Kukaa peke yangu mpaka usingizi unionee huruma.

Kilichotokea: Mlango umefunguliwa bila hodi. Mtu ameingia, amevuta kiti, amekiweka kulia kwangu, hajauliza. Amechukua simu yangu, amefungua kisanduku na kukivuta mpaka Januari. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, "Shikamoo dada." Akanitazama. Nikasema, "Marahaba." Akashuka ya pili, "Shikamoo dada." Nikasema, "Marahaba." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alizisoma zote, na siku alizoandika mara mbili alizisoma mara mbili, na mimi sikuruka hata moja. Sauti ilimkatika mahali fulani katika Aprili, nikamngoja. Treni hazikuendeshwa, stesheni tumeipoteza.

Je, tatizo linajirudia: Linajirudia. Alikuja juzi, akaja na jana, na sasa hivi namsikia nje anafunga baiskeli yake kwenye nguzo.

Tafadhali waambie mafundi wako wasilirekebishe.

Shangazi yako